Korongo Halijui Staa: Mzee Aliyekatwa Kwenye Video ya Kambi ya Mvua Pugu

Wiki nzima mji umekuwa na stori moja tu. Mwigizaji mmoja wa kike, jina kubwa, sura inayouza sabuni na vifurushi vya simu, kaenda msitu wa Pugu na mpenzi wake pamoja na washkaji wanne kupiga kambi wikiendi ya masika. Wakanyeshewa mpaka basi. Hema moja likasombwa na maji. Jumatatu asubuhi video ya dakika nne ikapanda, na kapsheni yake ilikuwa maneno manne tu: "Tulivyopambana na kifo msituni."

Kuanzia hapo mitandao ikagawanyika pande mbili. Timu ya kwanza ilimwaga machozi: pole dada, Mungu mkubwa, una roho ya simba. Timu ya pili ikacheka mpaka ikalia: nani kawatuma porini mwezi wa nne, si mngekaa Masaki mkala chipsi, kiki imebuma hiyo. Kwa siku tatu ilikuwa hivyo hivyo, huruma upande huu, kejeli upande ule.

Alhamisi mambo yakageuka. Klipu ndefu, ile ghafi kabisa kabla haijakatwakatwa, ikavuja na kuanza kuzunguka kwenye magrupu ya WhatsApp. Ina karibu saa nzima, giza limejaa, sauti ya mvua kama mtu anamwaga kokoto kwenye bati. Lakini waliovumilia kuiangalia mpaka mwisho wamegundua kitu ambacho video ya dakika nne haikusema. Waliolala msituni usiku ule hawakuwa sita. Walikuwa saba.

Mtu wa saba

Mtu wa saba ni mzee wa makamo, mwenyeji wa kule kule Kisarawe, mwongozaji waliyemchukua siku ile. Gambuti mguuni, panga kiunoni, koti la mvua limechanika begani. Kwenye video rasmi yupo kwa sekunde mbili, na hata hapo ni mkono wake tu umeshika tochi. Hana sura wala jina, na kwenye ule mstari mrefu wa shukrani, ambao umetaja duka la nguo, mpaka rangi ya midomo na aliyekodisha gari, yeye hayumo.

Kwenye klipu ndefu, mzee huyo ndiye stori yenyewe.

Inaanza saa kumi na moja jioni. Mawingu yameshashuka, ila mvua bado. Washkaji wamepata sehemu wanayoipenda: uwazi mzuri chini kidogo ya njia, mchanga laini umetandazika kama mtu kaufagia, miti imeinama juu kama geti la harusi. Kwa picha, pale ni penyewe. Mpenzi wa staa anaanza kufungua hema. Mzee anakuja, anasimama pembeni.

"Wanangu, hapa ni njia ya maji."

"Mbona pakavu, mzee wangu?"

"Pakavu kwa sababu maji bado hayajafika."

Wanacheka. Sio kicheko cha dharau sana, ni kile kicheko cha watu wanaodhani mzee anapiga soga. Mzee hanyamazi. Anawaonyesha nyasi zilizolala zote kuelekea upande mmoja. Anawaonyesha vijiti na majani makavu yaliyonasa kwenye kichaka, usawa wa goti. "Hivi vimeletwa na nani?" anauliza. Hakuna anayejibu. Mpiga picha anasikika akisema kule juu mwanga ni mbaya. Na hapo ndipo uamuzi ulipofanyika: mwanga ukashinda.

Mzee hakugomba. Alipanda zake juu, hatua kama arobaini hivi, akafunga turubai lake kati ya miti miwili mizima, akawasha moto mdogo, akakaa. Anaonekana kwa mbali kwenye klipu kila kamera inapogeuka: kimoto kidogo na mtu anayesubiri.

Saa tisa usiku

Mvua ilianza saa mbili usiku, nyepesi, ile ya kufanya watu waseme "romantic". Kuna kipande kizuri sana pale, mastaa wawili wanacheza taratibu chini ya matone, na kipande hicho kimeingia kwenye video rasmi, kama kilivyostahili. Saa sita ikakaza. Saa tisa kasoro, sauti ya mzee inasikika kabla ya kitu kingine chochote: "Tokeni! Tokeni sasa hivi, acheni vitu!"

Pale chini mvua ilikuwa imepungua. Ndiyo maana hakuna aliyetaka kutoka. Lakini korongo halijazwi na mvua inayokupiga wewe kichwani. Linajazwa na mvua iliyopiga mlima mzima nyuma yako, ikateremka kutoka kila upande, ikakutana kwenye njia moja. Unaweza kuwa umekaa pakavu kabisa na maji yanakuja. Ndani ya dakika chache ule mchanga uliofagiwa ulionyesha nani hasa anaufagiaga. Hema la kwanza likaenda na sanduku la meikapu, spika na viatu vya watu watatu. Kule Pugu udongo wenyewe una kaolini, ule mweupe wa kutengenezea vyombo, na ukilowa unateleza kama sabuni. Staa kaanguka mara mbili. Mzee kamshika mkono, kamvuta juu. Ule mkono wa sekunde mbili ulikuwa unafanya kazi hiyo.

Hicho ndicho watu wengi wamekiongelea tangu Alhamisi: kumbe waliambiwa. Asiyesikia la mkuu huvunjika guu, na kadhalika, na komenti zimejaa methali hiyo mpaka inachosha. Lakini maji sio sehemu ya kutisha kuliko zote kwenye ile klipu. Sehemu yenyewe inakuja baada ya hapo, kimya kimya, na wengi wameipita bila kuiona.

Jiko

Saa kumi na nusu alfajiri. Wote wako juu kwenye kimlima, wamelowa, wanatetemeka. Hema moja limeokolewa na kusimamishwa upya. Wanne wameingia ndani. Mshkaji mmoja, kwa nia safi kabisa, anachukua jiko la mkaa walilokuwa wamechomea nyama jioni, anachota makaa kutoka kwenye moto wa mzee, na anaingiza jiko ndani ya hema. Wanashangilia. Joto! Mtu anafunga zipu ili upepo usiingie.

Mzee alikuwa amekwenda kuangalia gari. Anaporudi, anaona zipu imefungwa na mwanga mwekundu ndani. Hasemi neno. Anafungua zipu kwa nguvu, anavuta lile jiko kwa mikono yake akiwa ameizungushia kitambaa kilicholowa, na analirusha nje. Ndipo anafoka kwa mara ya kwanza usiku mzima: "Mnataka niwazike hapa?"

Wanamuona mkorofi. Dada mmoja anasikika: "Jamani mzee naye, tunaganda huku." Mpenzi wa staa anasema wataongea na waliomleta.

Hawakujua, na pengine mpaka leo hawajui, kwamba pale ndipo walipopona. Mkaa unaowaka kwenye sehemu iliyofungwa unatoa kaboni monoksaidi, gesi isiyo na rangi wala harufu. Haikufanyi ukohoe kama moshi wa kuni. Inakuletea kichwa kuuma kidogo, kizunguzungu, halafu usingizi mtamu, na huo usingizi ndio wenyewe. Inaingia kwenye damu na kukalia nafasi ya oksijeni. Hema la mvua, lililoshonwa lisipitishe maji, likifungwa zipu ni chumba kidogo kisicho na dirisha, chenye watu wanne na jiko katikati. Maji ya korongo yanakuja na kelele, mtu anaweza kukimbia. Jiko halina kelele. Kila msimu wa baridi na mvua husikika habari za familia iliyolala na jiko chumbani na haikuamka, na kila mwaka watu wanasikitika kisha wanasahau.

Kwa hiyo mtu aliyeandika "Tulivyopambana na kifo" alikuwa sahihi kuliko alivyojua. Ila aliyepambana ni mmoja, na kipande cha mapambano yenyewe hakijawekwa.

Kilichokatwa ndicho kilichokuwa na maana

Hapa ndipo hoja ilipo. Kosa la staa huyu sio kwenda msituni wakati wa mvua. Sio kuogopa wala kulia. Wala sio kufanya kontenti, maana hiyo ndiyo kazi yake na inalipa watu wengi mishahara. Kosa ni kwamba alikuwa na dakika nne mbele ya mamia ya maelfu ya vijana, akachagua kubaki na hofu na kutupa maarifa.

Angalia video rasmi tena. Ina kelele, ina radi, ina sura iliyolowa kwa ukaribu, ina muziki wa filamu ya kutisha. Haina zile nyasi zilizolala upande mmoja, haina vile vijiti vya usawa wa goti, na jiko halimo kabisa. Mtu akimaliza kuiangalia anabaki na hisia mbili tu: msitu ni adui, na huyu dada ni jasiri. Zote mbili hazitamsaidia atakapokwenda yeye.

Na watakwenda. Hilo ndilo linalofanya suala hili lisiwe umbea wa kupita. Tangu Jumatatu vijana wameshaanza kuulizana bei za hema, nani ana gari, Pugu au Saadani, wikiendi gani. Pugu ni jirani na jiji, sio safari ya kuomba likizo. Siku hizi hata treni ya SGR ina kituo Pugu. Wengi watakwenda na hema la kuazima, spika, nyama na jiko. Wataona mchanga laini, watasema hapa penyewe. Usiku utakuwa na baridi, mmoja atasema tuingize jiko. Na wao huenda hawatakuwa na mzee, kwa sababu video imewafundisha kwamba watu sita wanatosha.

"Si alilipwa?"

Mashabiki wa staa wana majibu, na ni haki yasikilizwe.

Jibu la kwanza: biashara ni biashara, mzee alilipwa hela yake, hadai kitu. Ni kweli, hakuna aliyesema alidhulumiwa. Lakini alilipwa kuongoza njia, na hapo kazi yake ilikuwa imeisha. Hakuna kwenye makubaliano yao palipoandikwa kwamba atakesha na kuchomwa mikono. Na kama hela inamaliza kila deni, mbona duka la nguo limelipwa na bado limetajwa? Kampuni ya magari nayo imelipwa na bado imewekewa lebo. Kutajwa ndiyo sarafu ya mtandaoni, kila staa anajua thamani yake mpaka senti ya mwisho. Mzee akitajwa, wiki ijayo simu yake inaita na wageni wengine wanamtafuta. Kwa mwongozaji wa kijijini jina kwenye video kama ile ni msimu mzima wa kazi.

Jibu la pili: huenda mzee mwenyewe hataki kuonekana mitandaoni. Inawezekana, na ingekuwa heshima kubwa kama angeulizwa. Kwenye klipu ndefu hakuna sehemu aliyoulizwa. Hata jina lake halisikiki. Saa nzima ni "mzee", "oya mzee", "huyu mzee". Watu sita wamelala usiku mmoja na mtu aliyewaokoa mara mbili na hakuna aliyesema, "Baba, unaitwa nani?"

Jibu la tatu ndilo zito kidogo: mashabiki ndio wanaotaka drama. Video ya mzee anaelezea nyasi ingepata watazamaji wangapi? Hapo staa ana hoja. Wale wale wanaomlaani leo ndio waliokimbilia kumfuata alipolia, na ndio waliompita kila alipowahi kuweka kitu cha maana. Mtandao unalipa machozi kuliko akili, na wanaomlaumu ndio wenye mtandao. Lakini hoja hiyo inaanguka ikifika kwenye jiko. Kipande cha mzee akichomoa jiko la moto kwa mikono yake na kufoka kwenye mvua ni drama kuliko kitu chochote kilichowekwa. Kingetrendi wiki mbili. Hakikukatwa kwa sababu kinaboa. Kilikatwa kwa sababu ndani yake staa hakuwa staa.

Na kwa haki kabisa, dada huyu sio mtu mbaya. Kwenye klipu hiyo hiyo ndiye aliyerudi kumshika mkono dada wa meikapu alipokwama kwenye tope, wakati mpenzi wake ameshafika juu zamani anatafuta pawabenki. Ndiye peke yake aliyempa mzee kikombe cha chai asubuhi, kwa mikono miwili, akapiga na goti. Ana malezi. Ndiyo maana inauma zaidi kwamba kikombe kile nacho kilikatwa.

Na mvua yenyewe je?

Timu ya kejeli nayo isijifiche. Kusema "nani kawatuma porini Aprili" ni kuonyesha kwamba hujawahi kuuona msitu wa pwani ukiwa umeamka. Kiangazi msitu ule unakaa kimya, vumbi kwenye majani, wanyama wamejificha. Masika ndiyo sherehe. Vyura wanaanza jioni kama kwaya inayotafuta sauti. Jongoo wakubwa wanatoka kutembea. Kumbikumbi wanapanda hewani mvua ikikatika. Siafu nao wanahama kwa sababu maji yameingia nyumbani kwao, na kuna dakika tano kwenye klipu ambapo mzee anamwaga majivu kuzunguka hema huku mmoja wa washkaji akirukaruka kama yupo kwenye singeli.

Alfajiri mvua ilipokata, ukungu ukapanda kutoka bondeni, na mzee akainua kidole. Sauti ndogo ilitoka juu ya mti. "Komba," akasema. Mpiga picha akaendelea kukausha lenzi.

Msitu ule wa Pugu na jirani yake Kazimzumbwi, ambao sasa ni hifadhi ya mazingira asilia chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, TFS, ni sehemu ya misitu ya pwani ya Afrika Mashariki inayotambuliwa duniani kwa viumbe wasiopatikana kwingine. Humo anaishi komba wa Rondo, mwenye uzito wa gramu 60 hivi, yaani theluthi ya simu yako, mkia kama brashi ya kuoshea chupa. Amewahi kuwekwa kwenye orodha ya wanyama 25 wa jamii ya nyani walio hatarini zaidi kutoweka duniani. Kuna watu wanapanda ndege kutoka Ulaya kutafuta viumbe wa misitu hiyo. Wa Dar wanaijua Pugu kwa mnada wa ng'ombe, na wachache kwa shule aliyofundisha Mwalimu Nyerere kabla ya kuacha ualimu mwaka 1955.

Pia kuna hili la maji. Milima ya Pugu ndiko Mto Msimbazi unakoanzia. Mvua inayoteremka kule inapita Vingunguti, Kigogo, Jangwani, mpaka baharini pale Selander. Mafuriko ya Desemba 2011 yaliua watu zaidi ya 40 Dar es Salaam, na bonde hilo ni kati ya sehemu zilizopigwa vibaya. Msitu ukiwepo, majani na mizizi vinaichelewesha mvua, inashuka polepole. Miti ikiisha kwa mkaa, inashuka yote kwa pamoja. Kwa hiyo anayecheka "watu wamesombwa na korongo Pugu" huku amepanga chumba bondeni Jangwani, ajue analala kwenye korongo hilo hilo, tofauti ni kwamba yeye yuko mwisho wake. Na dalili ni zile zile: mchanga uliofagiwa, takataka zilizonasa kwenye uzio, alama ya maji ukutani. Mzee alikuwa anafundisha kitu ambacho nusu ya jiji inakihitaji.

Kwa anayefunga begi wikiendi hii

Kwa kuwa video rasmi haikuyasema, yasemwe hapa. Yote yametoka kwenye mdomo na mikono ya mtu wa saba.

Usilale kwenye mchanga laini ulionyooka bondeni, hata kama mbingu ni nyeupe. Tafuta vitu vilivyonasa vichakani, ndivyo vitakavyokuambia maji yalifika wapi. Panda juu, ila sio kileleni kabisa kwenye radi, na sio chini ya mti mkavu au tawi lililokufa, maana likilowa linakuwa zito na linaanguka bila taarifa. Viatu viwe ndani ya hema, na vikung'utwe kabla ya kuvaa. Nguo moja kavu kwenye mfuko wa nailoni uliofungwa kabisa ina thamani kuliko nguo tano nzuri zilizolowa. Chandarua au dawa ya mbu lazima, masika hii ni yao. Gari liachwe kwenye ardhi ngumu huku limetazama njia ya kutokea. Ingia kwa kibali na umchukue mwongozaji.

Na jiko la mkaa lisiingie ndani ya hema. Likiwa linawaka haliingii. Likiwa linaelekea kuzima haliingii. Zipu ikiwa wazi kidogo, haliingii pia. Mwenye baridi avae kavu, anywe cha moto, wabanane.

Sasa mpira uko kwa staa

Tangu Alhamisi dada amekula buyu. Mpenzi wake kaweka stori moja ya vijembe kuhusu "wanaovujisha vitu vya watu", halafu kaifuta. Mpiga picha kafunga akaunti. Menejimenti inasemekana inasubiri upepo upite, na kwa kawaida ya mji huu utapita. Jumatatu kutakuwa na ndoa iliyovunjika au wimbo umetoka.

Lakini safari hii kusubiri upepo upite kuna gharama. Mvua za masika bado zipo. Kuna kundi la vijana mahali fulani limeshakubaliana Jumamosi, na walichoangalia kwa maandalizi ni ile video ya dakika nne. Kipande cha jiko kiko kwenye simu ya staa, safi, chenye sauti nzuri kuliko hiki kinachozunguka kwenye magrupu. Kukiweka hakumgharimu hata bando la siku. Angefanya nini kingine? Amtafute mzee, amuulize jina lake na kama anaridhia litajwe. Akiridhia, amuweke pale pale ilipokaa rangi ya midomo. Akikataa, amuombe ruhusa ya sauti tu. Amuulize mikono inaendeleaje.

Akifanya hivyo, wafuasi wake watapata kitu cha kwenda nacho porini. Asipofanya, basi kila atakayelala korongoni na jiko msimu huu atakuwa ameangalia video yake mpaka mwisho na hakuambiwa.

Na mashabiki nao: ile klipu ya saa nzima mliiangalia mpaka kwenye jiko, au mliishia pale staa alipoanguka?